Kompyuta inayoamka yenyewe usiku



Katika ziara zetu za robo hii ya mwaka tulifika nyumbani kwa katibu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, nje kidogo ya mji wa Geita. Kompyuta ya kikundi inakaa kwake kwa sababu ofisi ya kigango haina nondo madirishani. Tulikwenda kukagua vitabu, tukakuta jambo jingine. Kila jioni mama huyo huilaza kompyuta badala ya kuizima, ili kesho yake aendelee pale alipoachia. Kila asubuhi alikuta skrini inawaka. Uniti za luku zilikuwa zinakwisha kabla ya wakati, na lawama zikamwangukia mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, kwamba anaamka usiku kucheza karata. Mjumbe mmoja wa kamati alikwenda mbali zaidi, akauliza kama kuna mtu anayefungua hesabu za wanachama. Kijana alikuwa na jibu moja tu: "Shangazi, mimi nilikuwa nimelala."

Kompyuta iliyolala haijazimika. Skrini na diski hupumzika, lakini kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi huendelea kupata umeme kidogo, na vifaa kama kipanya, kibodi na waya wa mtandao huweza kubaki na ruhusa ya kuiamsha. Ikilala, kompyuta ya mezani hula wati chache tu. Ikiamka, pamoja na skrini yake, inaweza kufika wati 100. Wati 100 kwa saa 6 za usiku ni uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kwa kikundi kinachochangishana fedha ya luku, hizo si haba. Na hii ilikuwa imepangwa isilale tena yenyewe, hivyo ikishaamka ilibaki macho hadi asubuhi.

Windows yenyewe huandika sababu ya kuamka. Tulifungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, tukaandika powercfg /lastwake. Jibu likataja kipanya. Amri ya pili, powercfg /devicequery wake_armed, huorodhesha vifaa vyote vyenye ruhusa. Kisha tukafungua daftari la matukio, Event Viewer, sehemu ya System, tukatafuta maneno Power-Troubleshooter. Hapo kila kuamka kumeandikwa na saa yake. Angalieni msichanganye saa: 2:00 AM ni saa 8 usiku, na ndiyo saa ambayo Windows kwa kawaida hujipangia matengenezo. Siku chache zilionyesha saa hiyo. Nyingi zilionyesha kipanya, kwa saa tofauti tofauti.

Jibu hilo halikumsafisha kijana. Lingeweza hata kumtia hatiani, maana kipanya husogezwa na mkono. Basi tukailaza kompyuta saa 1 jioni, tukakaa sote sebuleni, kijana akiwa katikati yetu. Ng'ambo ya barabara kuna karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Lilipowashwa, meza ilitetemeka kidogo, na skrini ikawaka. Kipanya chao ni cha mwanga, nacho kilikuwa juu ya meza ya kioo. Mtikisiko mdogo sana unatosha. Shangazi alimgeukia kijana akasema, "Nisamehe, baba."

Matibabu yake ni mafupi. Katika Device Manager, fungueni kipanya, ukurasa wa Power Management, mwondoe tiki kwenye ruhusa ya kuiamsha kompyuta. Kibodi tuliiachia ruhusa yake. Katika Power Options, chini ya Sleep, tulizima "Allow wake timers" ili matengenezo ya saa 8 usiku yasiiamshe; matengenezo hayo yafanyike mchana, msiyaache kabisa. Tuliweka pia nenosiri linaloulizwa kila inapoamka, kwa sababu swali la yule mjumbe lilikuwa halali hata kama kijana hana kosa.

Jambo moja bado linatutia wasiwasi. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa imelala, kazi ambayo haijahifadhiwa inaweza kupotea yote. Chaguo la Hibernate huandika kazi kwenye diski kabla ya kuzima, na kwa umeme wetu tunaliona ni bora zaidi. Kompyuta nyingine huwaka zenyewe umeme unaporudi. Huko si kuamka, na amri tulizotaja hazitasaidia. Mpangilio wake umo kwenye BIOS, aufungue fundi.

Kamati zilizo karibu na makarasha au barabara za malori, iwe Geita, Kahama au Shinyanga mjini, kabla ya kumwita fundi au kumshuku mtu, chomoeni kipanya kwa usiku mmoja mwone kama kompyuta italala hadi asubuhi. Jaribio hilo halina gharama.