Kitabu cha marehemu mjomba: tukichome au tukisome?

Mwezi uliopita tulikutana Lamu, nyumbani kwa marehemu mjomba wangu, kugawana vitu alivyoviacha. Havikuwa vingi: mashua kuukuu, nyavu, saa ya ukutani isiyokwenda na kasha la vitabu. Ugomvi, ikiwa yafaa kuuita hivyo, haukuzuka juu ya mashua. Ulizuka juu ya kitabu kimoja kilicholiwa pembe na mende: Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Mwingereza H. Rider Haggard iliyotoka mwaka wa 1885, na iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka wa 1929.

Binti wa binamu yangu, ambaye anasomea fasihi chuo kikuu, alikishika kwa ncha za vidole utadhani ameokota panya.

"Ami, hiki asipewe mtoto yeyote," akasema. "Afadhali tukichome."

Nilimuuliza sababu, naye hakukosa. Wazungu watatu wanaingia katika nchi ya Waafrika iliyofichika nyuma ya milima, wanamwondoa mfalme mmoja na kumtawaza mwingine, kisha wanaondoka na almasi mifukoni. Msichana Foulata, ampendaye mmoja wao, hana budi kufa, tena anakufa akiridhika kwamba mweusi na mweupe hawawezi kuoana. Bikizee Gagool, ambaye anaijua historia ya nchi yake kuliko mtu yeyote, amefanywa kinyago cha kutisha watoto. Hayo yote ni kweli, msomaji wangu, na sikuwa na neno la kumjibu.

Aliyejibu ni mkaza mjomba, aliyekuwa kimya mkekani muda wote ule. Alituambia kuwa marehemu hakuwa akikisoma kitabu hicho kwa kukiamini, bali alikuwa akikisoma kwa kucheka. Kila alipofika pale wageni wanapodai kuwa wao ndio wanaoutia giza mwezi, alikiweka chini akashika mbavu.

Nami nikakumbuka. Mjomba alikuwa mvuvi. Mvuvi huishi kwa hesabu ya mwezi: hujua bamvua ni lini na maji mafu ni lini, na hujua kuwa mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, kama vile jua halipatwi ila mwezi unapoandama. Kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba taifa zima la Waafrika lilipigwa na butwaa kwa kuuona mwezi ukipatwa, ni kumchekesha. Tena kuna jambo ambalo mjomba hakulijua, nalo lingemfurahisha mno. Katika toleo la kwanza la Kiingereza, Haggard aliandika kuwa lililopatwa ni jua, hali mwezi aliouchora angani ulikuwa mpevu. Haiwezekani kabisa. Ikambidi baadaye abadili, jua likawa mwezi. Basi mwandishi aliyewafanya Waafrika kuwa majuha wa mambo ya anga ndiye aliyeshindwa na hesabu ambayo mtoto wa nahodha asingeikosea.

Watu wa Lamu wana haki ya pekee ya kutoa maoni juu ya bwana huyu. Ndugu yake, Jack Haggard, alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza papo hapo Lamu katika miaka ya 1880. Na hadithi yake nyingine, Allan Quatermain, iliyotoka mwaka wa 1887, inaanza safari yake Lamu, inapanda mto Tana, inapigana na Wamaasai, inapita karibu na Mlima Kenya, hatimaye inazama katika mto wa chini ya ardhi na kuibukia katika nchi ya Zu-Vendis. Wenyeji wa nchi hiyo, ajabu ya maajabu, ni weupe! Mwandishi alipolazimika kuwazia ustaarabu mkubwa katikati ya bara hili, hakuweza kuuwazia ukiwa na ngozi yetu. Nyumba za mawe za Lamu, na misikiti iliyotangulia kuzaliwa kwake kwa karne nyingi, hazikumtosha.

Hata hivyo si haki kudai kuwa enzi ile haikujua lililo bora. Mwaka wa 1898 Mwingereza mwingine, H. G. Wells, alitoa hadithi ya viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza kwa silaha zisizozuilika, na mwanzoni mwake aliwakumbusha wasomaji yale ambayo Wazungu waliwatendea wenyeji wa Tasmania. Aliwageuzia wenzake mtutu wa bunduki ili waonje.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, alipopata habari za mzozo wetu alisema kuwa sote tumepoteza wakati, maana mtu mzima hasomi mambo ya majini na vyombo vya angani. Sitakaa sana juu ya maoni hayo. Itoshe kumkumbusha kuwa Shaaban Robert, aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni, alitoa Kusadikika mwaka wa 1951, kisa cha nchi inayoelea angani, ambako Karama anashitakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Kama huo ni mchezo wa watoto, basi ni watoto wajasiri.

Lililonichoma ni swali nililomuuliza yule binti baadaye, tulipokuwa tumeketi barazani. Je, tukikichoma hiki, ndugu zako wadogo watasoma nini mahali pake? Alikitaja Kusadikika, akakitaja na Bina-Adamu! cha Wamitila, kisha akanyamaza. Walenisi hakuwa amekisoma. Hicho ni kitabu cha marehemu Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Pwani yetu aliyewahi kutiwa kizuizini katika miaka ya 1980. Kilitoka mwaka wa 1995. Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo, na chombo hicho badala ya kumwua kinamfikisha katika nchi ya haki na usawa, ambayo ukilikata jina lake vipande unapata "wale ni sisi". Nchi ile njema haikufichwa nyuma ya milima ikimngoja mgeni aje kuivumbua.

Mimi naona hivi: kosa la Haggard ni kubwa, lakini kubwa zaidi ni letu ikiwa mtoto wa Lamu atamkuta yeye peke yake kwenye kasha. Mjomba aliweza kumcheka kwa sababu alikuwa na bahari na mwezi wa kumsuta navyo. Mtoto wa leo anayelala chini ya taa za umeme, asiyejua mwezi ni wa ngapi, atamchekea kwa lipi? Huyo anahitaji kuwekewa Mkangi na Shaaban Robert ubavuni mwa Haggard, na mtu mzima wa kukaa naye na kubishana.

Binti alikubali shingo upande. Kitabu hakikuchomwa, kiko kwangu hapa ninapoandika. Yeye alikuja akaazima Walenisi yangu, na hadi leo hajairudisha.