Mama Mdogo Alikwenda Kutembea

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi napanda metro mpaka kituo cha Dubai Investment Park, kilichofunguliwa mwaka 2021, kisha nasubiri basi la kuingia ndani. Wengi wenu mmepita huko bila kushuka. DIP, kama tunavyoliita, ni eneo la hekta 2,300 hivi lililoanzishwa mwaka 1997. Upande mmoja kuna viwanda, maghala na malazi ya wafanyakazi. Upande mwingine kuna Green Community, nyumba za kifahari zilizozunguka ziwa. Mama yangu mdogo anaishi upande wa kwanza. Kwa miaka 14 amefanya kazi ya kukagua bidhaa kiwandani, na anakodi kitanda katika chumba cha wanawake wanne.

Oktoba 2024 alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya. Alichukua siku 12 za likizo yake akaenda Ulaya peke yake: Paris, Amsterdam na Berlin. Hakwenda kusoma, kutibiwa wala kumtembelea ndugu. Nilipomwambia nataka kuandika habari za utalii wake katika gazeti la klabu yetu, alinikatiza.

“Mimi si mtalii, mwanangu. Nilikwenda kutembea.”

Mihuri ya Expo

Safari yenyewe ilianzia DIP. Jirani tu na hapo ndipo yalipofanyika maonyesho ya dunia ya Expo 2020, yaliyoahirishwa kwa sababu ya korona yakafunguliwa Oktoba 2021 na kumalizika Machi 2022. Wageni waliuziwa kijitabu cha manjano mfano wa pasipoti, na kila banda la nchi lilikuwa na muhuri wake. Mama mdogo alikwenda siku zake za mapumziko, akakijaza chake mihuri ya Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani na nyingine nyingi.

“Nilikiweka kando ya pasipoti yangu ya kweli,” anasema. “Ile ya kweli ilikuwa na mihuri ya Dar es Salaam na Dubai tu. Nikajiuliza, hivi mimi nitazeeka na mihuri ya kuchezea?”

Mwezi uliofuata akaanza kuweka dirhamu 300 kila mshahara. Baada ya miezi 30 alikuwa na dirhamu 9,000.

Kwao Pangani habari hizo hazikupokewa vizuri. Nyumba ya familia bado haijapauliwa upande wa uani, na mjomba alipiga simu akiwa amekasirika. Unakwenda na nani? Kufanya nini? Pesa hizo si zingenunua bati? Mwishoni akamtupia methali: mtembezi hula miguu yake. Mama mdogo hakubishana naye. Alimjibu kwamba miguu ni yake, na kwa miaka 14 imesimama kiwandani kwa ajili ya watu wengine.

Karatasi kwanza

Hapa nawaomba mnaotaka kufuata njia yake mtulie kidogo. Mwenye pasipoti ya Imarati anaingia nchi za Schengen bila visa tangu mwaka 2015. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, hata akiwa mkazi wa Dubai miaka yote, anahitaji visa. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Unatakiwa kuonyesha bima isiyopungua yuro 30,000, taarifa ya benki, mahali pa kulala, tiketi, kibali cha ukazi na barua ya mwajiri inayosema una kazi na utarudi.

Mama mdogo aliomba mara ya kwanza mapema mwaka 2024 kwa nchi moja ambayo sitaitaja. Alilipa yuro 80. Jibu lilikuwa fomu iliyotiwa alama kwenye kisanduku kimoja: nia yake ya kuondoka kabla visa haijaisha haikuthibitika. Ada hairudishwi. Alilia siku moja, kisha akaenda kuomba taarifa mpya ya benki. Kufikia maombi ya pili, ada ilikuwa imepanda kuwa yuro 90 tangu Juni. Safari hii aliipanga Berlin iwe na siku saba kati ya 12, akaandika ratiba ya kila siku kwa mkono na kuiambatisha. Visa ikatoka.

“Kila mtu aliniuliza swali moja,” anasema. “Mjomba wako, wenzangu chumbani, yule wa dirishani. Unakwenda kufanya nini? Nikawaambia wote, kutembea. Wa dirishani peke yake ndiye aliyeamini, na ni mara ya pili.”

Paris na Amsterdam

Mnara wa Eiffel haukumshtua. Una mita 330, naye anatoka mji wenye Burj Khalifa ya mita 828. Kilichomsimamisha ni mwaka wake. Mnara ule ulifunguliwa mwaka 1889, na kila mtoto aliyesoma Pangani anaujua mwaka huo: Desemba 1889 ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi hapo hapo Pangani, baada ya kuongoza watu wa pwani kuwapinga. “Kumbe wakati watu wanapanda huku kutazama mji,” alisema, “kule kwetu watu walikuwa wanakimbilia porini.”

Adhuhuri aliswali katika Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926. Alipokuwa akivaa viatu, mama mmoja wa Kingazija alimsikia akizungumza nami kwenye simu, akamsalimu. Kingazija na Kiswahili havielewani moja kwa moja, lakini ni ndugu, na wawili hao waliokoteza maneno mpaka wakanywa chai pamoja. Hicho ndicho chakula au kinywaji pekee ambacho hakukipata peke yake kwa siku 12. Anakiri kwamba kula peke yake kulimtesa kuliko baridi. Siku mbili za mwanzo alinunua mkate na kuula akitembea, ili asikae mezani bila mtu.

Amsterdam alilala usiku mmoja. Mvua ilinyesha, na baiskeli nusura imgonge mara mbili. Hana la zaidi, nami sina la kumwongezea.

Mjusi na kibao cha mtaa

Berlin ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo, kwa sababu ya mjusi.

Katika jumba la makumbusho ya viumbe la Berlin pamesimamishwa mifupa ya dinosaria yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Wataalamu humwita Giraffatitan, kwa shingo yake ya twiga. Watanzania wengi humwita mjusi wa Tendaguru. Alichimbwa kilima cha Tendaguru, Lindi, katika kazi iliyoendelea kutoka 1909 hadi 1913, enzi za Wajerumani. Mifupa ilibebwa na wachukuzi kwa mabega na vichwa, mwendo wa siku nne hivi mpaka bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa melini. Mmoja wa wasimamizi wakuu wa uchimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Suala la kumrudisha mjusi nyumbani, au walau kufaidika naye, limeshafika bungeni kwetu.

Mama mdogo alikaa kwenye benchi chini yake karibu saa mbili. Watoto wa shule walikuja wakaondoka. Nilimuuliza alikuwa anafikiria nini.

“Nilikuwa nahesabu siku. Mimi nimehangaika miezi na karatasi ili nije kumwona yeye. Yeye alipokuja huku nani alimdai barua ya mwajiri?”

Siku iliyofuata alikwenda Neukölln, mtaa mmoja karibu na Hermannplatz. Zamani mtaa huo uliitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, afisa aliyetumwa na Ujerumani mwaka 1889 kuwavunja nguvu Abushiri na wenzake. Mwaka 2021 jina lile liliondolewa, na sasa kibao kinasema Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliuguza wagonjwa kabla ya siasa, akaingia bungeni, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kushika wadhifa wa waziri mdogo. Mama mdogo alimwomba kijana anayepita ampige picha chini ya kibao. Kijana alimuuliza, huyo ni nani? Akamweleza kwa Kiingereza chake cha kiwandani, palepale njiani, mpaka kijana akakosa basi.

Safari ya nani?

Nilipompelekea mama mdogo habari za Selim bin Abakari, ambaye tunamsoma klabuni muhula huu, nilidhani zitamfurahisha tu. Selim alikuwa Mngazija. Mwaka 1896 alisafiri kutoka Berlin hadi St. Petersburg, Moscow na mbali zaidi mpaka Siberia, akimhudumia bwana wake Theodor Bumiller, ambaye huko nyuma alikuwa afisa chini ya Wissmann huyo huyo. Kila alikokwenda kuangalia watu, watu nao walikuja kumwangalia yeye. Simulizi yake ilichapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichokusanywa na Carl Velten, na inaitwa Safari yangu ya Urusi na ya Siberia.

Darasani tulibishana: inawezaje kuwa safari yake, wakati tiketi, njia na siku za kurudi vyote viliamuliwa na bwana? Wengine tulisema jina ni la heshima tu. Mama mdogo hakuona ugumu wowote.

“Macho yalikuwa ya nani?” aliniuliza. “Mimi nimeletwa Dubai na mkataba wa mtu. Miaka 14 najua njia ya basi la kampuni. Lakini niliyoyaona hapa ni yangu. Huyo Selim alibeba mizigo ya bwana, na hayo mengine akabeba mwenyewe.”

Sikuwa nimeyafikiria hivyo. Nilikuja kwake nikiamini kwamba kati ya safari ya kazi na safari ya kutembea kuna ukuta, na kwamba yeye Oktoba ile ndipo aliporuka ukuta. Yeye haoni ukuta huo. Anaona kwamba mara hii ratiba aliiandika kwa mkono wake, basi.

Siku zilizobaki za likizo alizimalizia Pangani. Mjomba, ambaye hakumpigia simu siku zote za Ulaya, alikaa kimya jioni ya kwanza. Jioni ya pili akasema, hebu nimwone huyo mjusi. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa majirani, na mzee mmoja akataka aonyeshwe tena kile kibao, akasoma jina kwa sauti, herufi moja moja.

Bati bado halijanunuliwa, na mjomba hukumbusha kila wiki. Mama mdogo ameanza upya zile dirhamu 300: mia mbili za bati, mia moja anaziweka ndani ya kijitabu cha manjano cha Expo. Jumapili iliyopita, nikiwa mlangoni natafuta viatu, aliniuliza St. Petersburg kuna baridi kiasi gani mwezi wa tisa.