Shoka, Ng'ombe na Ukingo: Neno la Mungu juu ya Pombe Barabarani

Masomo: Kumbukumbu la Torati 19:4-5; Kutoka 21:28-30; Kumbukumbu la Torati 22:8; Mithali 23:29-35



Fundisho la juma hili tunalianzia kwenye kilio. Tulimzika mama mmoja muuzaji wa sambaza, aliyekuwa akirudi nyumbani jioni juu ya pikipiki. Motari aliyembeba alishindwa kukata kona kwenye mteremko, wakaanguka wote ndani ya mtaro. Motari alivunjika mguu. Mama alikufa kabla ya kufika hospitali.

Pale kwenye kilio watu walisema kwamba kona ile ina roho mbaya, kwa sababu wengine walikwisha kufia pale. Sisi watumishi tukaanza kupanga siku ya kufunga, kisha twende mahali pale tuombe na kukemea. Ndipo dada ya marehemu akatuuliza mbele ya watu wote: «Pasta, huyo shetani wa kona ndiye alimuuzia kijana kanyanga?»

Tulinyamaza. Kila mtu alijua kwamba yule kijana alikuwa akinywa tangu saa nane ya mchana, na kwamba kibanda cha kanyanga kiko hatua chache tu juu ya kona ile. Hatukatai kwamba Shetani yupo, na kwamba kazi yake ni kuua na kuharibu. Lakini siku ile tulikuwa tayari kukemea kona, na kibanda tulikuwa tukikipita kimya. Swali la yule mama limetufanya tufungue tena Maandiko.

1. SHOKA NA NG'OMBE

Tunapozika mtu aliyekufa barabarani tunapenda kusema: «Siku zake zilitimia.» Torati ya Musa haikuishia hapo. Iliuliza kifo kimetokea namna gani.

Katika Kumbukumbu 19 tunasoma habari ya watu wawili waliokwenda msituni kukata kuni. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampiga mwenzake anakufa. Mtu huyo hakukusudia, wala hakuwa na chuki. Mungu alimwekea mji wa kukimbilia apate kuishi. Hiyo ndiyo ajali.

Katika Kutoka 21 tunasoma habari ya ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe akamwua. Kama ng'ombe hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alijulikana kwa kupiga watu, na mwenyewe alionywa naye hakumfunga, damu inakuwa juu yake. Hakumpenda wala hakumchukia yule aliyekufa. Pengine hata hakumjua. Kosa lake ni kwamba alijua, akaacha.

Sasa tujiulize: mtu anayekunywa huku ufunguo wa pikipiki uko mfukoni mwake, anafanana na nani? Chuma hakikuchomoka kwa bahati mbaya. Alijua amekuja na pikipiki, na alijua atarudi nayo. Ng'ombe wake anajulikana mji mzima. Tukiita jambo hilo mapenzi ya Mungu, tunamsingizia Mungu.

2. POMBE INAFANYA NINI NDANI YA MWILI

Pombe haingoji. Dakika chache baada ya kumezwa inaingia katika damu, na damu inaipeleka katika ubongo. Mahali inapogusa kwanza ni pale panapopima mambo: hili ni hatari, hili si hatari; nimechoka, nipunguze mwendo. Miguu ingali imara, ulimi unasema vizuri, lakini mlinzi wa ndani amekwisha kusinzia. Ndiyo maana mtu aliyeanza kulewa hujiona dereva bora kuliko jana. Kile ambacho kingemwambia kwamba amelewa ndicho kilicholewa kwanza.

Baadaye yanafuata macho, ambayo hayapimi tena vizuri umbali wa gari linalokuja, na taa za mbele zinamzidi. Kisha mkono na mguu vinachelewa. Pikipiki inayokwenda kilometa 50 kwa saa inapita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kushika breki, amekwisha kwenda mita 7 zaidi. Katika mteremko wa Bukavu, ambako watoto wanavuka na mama wamepanga nyanya kando ya barabara, mita 7 ni mtu. Na wale wanaoshuka kona za Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira wanajua kwamba pale hakuna mita za kupoteza.

Mithali 23 ilikwisha kulieleza jambo hili zamani: macho yanaona vitu vigeni, mwili unayumba kama aliyelala juu ya mlingoti wa mashua, mtu anapigwa asisikie maumivu, na akiamka anatafuta kunywa tena. Mwandishi hakuwa na pikipiki, lakini mlevi alimjua vizuri.

3. MANENO YANAYODANGANYA

«Nilikunywa jana, leo niko sawa.» Tufanye hesabu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye nguvu ya asilimia 5, ina karibu gramu 28 za pombe yenyewe. Ini la mtu mzima huondoa karibu gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake, chupa moja inahitaji saa tatu hadi nne. Mtu aliyeanza saa mbili ya usiku akamaliza chupa nne, damu yake inakaribia kuwa safi kwenye saa nne ya asubuhi. Lakini saa kumi na mbili yuko tayari kwenye kituo, anabeba wanafunzi. Anasema ameamka. Ini lake lingali kazini.

«Nitakunywa kahawa, maziwa, maji baridi.» Kahawa inaweza kumwamsha mlevi, inamfanya mlevi aliye macho. Kuoga na kutapika haviondoi pombe iliyokwisha kuingia katika damu. Chakula kabla ya kunywa kinaichelewesha tu kuingia. Kinachoiondoa ni muda.

«Mimi nimezoea.» Aliyezoea haonekani amelewa, lakini hesabu ya damu yake ni ile ile, na jicho lake usiku halijazoea kitu.

«Hii si pombe, ni kasiksi tu.» Kasiksi na mandale zinalewesha, na kanyanga zaidi, tena hakuna karatasi kwenye chupa inayoonyesha nguvu yake. Kikombe cha leo kinaweza kuwa na nguvu kuliko kikombe cha jana, na anayekunywa hajui.

4. UKINGO

Tukifika Kumbukumbu 22:8 tunakuta agizo fupi la ujenzi. Nyumba za Israeli zilikuwa na dari la juu ambalo watu walilitembelea. Mungu alimwambia mwenye nyumba mpya ajenge ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na kuleta damu juu ya nyumba ile. Tuangalie vizuri: ukingo unajengwa nyumba ingali mpya, kabla mtu hajapanda. Hakuna anayejenga ukingo wakati mgeni yuko hewani.

Ndivyo ilivyo kwa pombe na usukani. Uamuzi hauwezi kungoja mwisho wa sherehe, kwa sababu wakati huo anayepaswa kuamua amekwisha kulewa. Ufunguo unaamuliwa kabla ya kikombe cha kwanza.

Ukingo wa kwanza ni wa nchi. Shirika la Afya Duniani, OMS, katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilihesabu watu karibu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani. Zaidi ya tisa katika kila kumi hufa katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 barabara ndiyo inayoua kuliko ugonjwa wowote. Pombe si sababu pekee. Kuna mwendo wa kasi, breki mbovu, mashimo na giza. Lakini pombe ni sababu ambayo mtu anaweza kuiacha nyumbani.

OMS inashauri mpaka wa gramu 0.5 za pombe katika lita ya damu, na gramu 0.2 kwa vijana na wanaoanza kuendesha. Chupa moja kubwa ikinywewa haraka inaweza kumvusha mtu mwembamba mpaka huo. Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 30 Agosti 1978 juu ya mwendo wa barabarani inamkataza mlevi kuendesha, na ipo CNPR, tume ya taifa ya kuzuia ajali. Majirani zetu wa Tanzania walikataza pombe ya viroba tangu Machi 2017, maana pombe inayoingia mfukoni inapanda na dereva. Na mahali polisi wanaposimamisha magari yote bila kuchagua na kuwapima madereva pumzi, vifo hupungua. Tuwaombee viongozi wetu, na tuwaombe pia kifaa hicho kwenye barabara zetu. Motari aliyesimamishwa akaulizwa karatasi peke yake, akaruhusiwa kupita, bado hatujajua kama ni mzima.

Ukingo wa pili ni wa mwenye pikipiki au gari. Ndugu, wewe unayempa kijana pikipiki na kudai pesa yako kila jioni, unajua tabia yake. Umekwisha kuambiwa. Kama analeta pesa kamili huulizi alikunywa wapi. Basi rudi usome Kutoka 21: Torati ilimtafuta mwenye ng'ombe.

Ukingo wa tatu ni wa abiria. Mama, dada, mwanafunzi: ukisikia harufu, usipande. Ukiwa umepanda, shuka. Usione haya, wala usiogope kuambiwa unajivuna. Lipa mwingine, au tembea kwa miguu.

Ukingo wa nne ni wa mwenye sherehe. Habakuki 2:15 inatangaza ole juu ya mtu anayemnywesha jirani yake. Tumeona ndoa ambako motari wa msafara wanalipwa kwa chupa, kisha wanapanda na bibi arusi nyuma yao. Tumeona hata maziko ya motari mwenzao yakifuatwa na mashindano ya kusimamisha gurudumu la mbele. Wapeni chakula, wapeni soda, wapeni pesa yao.

Ukingo wa tano ni wetu, kanisa. Hapa tunaungama. Miaka mingi tumehubiri: «Usinywe.» Ni neno la kweli, hatulirudishi nyuma. Lakini tulidhani tukisema hilo tumesema yote. Yule ambaye hajaacha kunywa hakusikia kutoka kwetu kwamba asiguse usukani, na mshirika anayekunywa kwa siri hawezi kumwomba mzee wa kanisa ampeleke nyumbani, kwa kuogopa kutengwa. Ndugu mmoja alituuliza: «Pasta, mukifundisha hivi si munaruhusu watu wanywe?» Hapana. Tunamwambia mlevi aache pombe, na kama leo bado hajaacha, tunamwambia atembee kwa miguu. Roho ya mtoto aliye barabarani haiwezi kungoja mpaka mlevi aokoke.

Kwa hiyo katika kanisa letu tumeamua mambo matatu. Katika kila ndoa na kila kilio cha mshirika, mzee mmoja atatunza funguo, na atakayekunywa hatarudishiwa ufunguo mpaka kesho, bila kupigiwa kelele. Kila mwezi tutakwenda kwenye vituo vya motari kuzungumza nao na kuwaombea, tukianza na kituo kilicho juu ya kona ile. Na yule anayefungwa na pombe atakuja kwetu bila kutangazwa mbele ya kanisa. Tutaomba naye na tutamsindikiza kwa daktari pia, kwa sababu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akiacha ghafula anaweza kutetemeka na hata kupata degedege.

Neno la mwisho ni kwako uliyekwisha kuua mtu barabarani ukiwa umelewa. Pengine uko gerezani, pengine uko nyumbani na hulali. Damu ya Yesu inasafisha hata hatia hii. Hatuna Injili nyingine. Lakini Zakayo aliposamehewa alirudisha alichonyang'anya. Wewe huwezi kurudisha mtu. Nenda kwa jamaa yake, useme kweli, uwasaidie watoto walioachwa. Yule kijana wa kilio chetu alikwenda, akitembea kwa magongo. Dada ya marehemu alimfungulia mlango. Walichozungumza ni chao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, ni nani anayeendesha akiwa amekunywa, na ni nani kati yetu aliyekwisha kumwambia?

2. Kwenye sherehe yetu ijayo, ni nani atakayetunza funguo?

TUOMBE

Bwana Mungu, utusamehe kwa damu tuliyoiita mapenzi yako. Uwafariji walioachwa na barabara. Umfungue aliyefungwa na pombe, na mpaka siku hiyo umpe mtu wa kumnyang'anya ufunguo. Utupe sisi watumishi wako kinywa cha kusema kwenye kibanda, si kwenye kona tu. Katika jina la Yesu, Amina.