Kigoda cha Milansi

Wasomaji wetu wengi wa Visiwani, wakisikia habari za nasaba za wafalme, fikira zao huelekea Forodhani, kwenye majumba ya Masultani ambao enzi yao ilikoma tarehe 12 Januari, 1964. Ni wachache wanaofikiria Ufipa. Hata maafisa wa Serikali wanaohamishiwa Sumbawanga, aghalabu hufika huko wakiwa na habari mbili tu: kwamba kuna baridi, na kwamba jina la mji lina maana ya kutupa uchawi. Ya baridi ni kweli, maana uwanda ule umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, na upepo wa mwezi wa sita haumwonei mgeni huruma. Lakini uwanda huo pia ulikuwa na dola, tena dola yenye taarikhi inayostahili kusomwa na kila aliyekabidhiwa mhuri wa Serikali.

Wazee wa Kifipa husimulia kwamba mtawala wa kwanza wa nchi aliitwa Ntatakwa, yaani asiyetajwa, na kwamba alishuka kutoka mbinguni. Makao yake yalikuwa Milansi, kijiji kilichoko chini ya mlima Itwelele, si mbali na mji wa Sumbawanga wa leo. Wafipa walikihesabu kuwa kijiji cha milele. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwusia mkewe kwamba huenda wakaja wageni, na wakija, asikubali kabisa kuwapa kigoda chake. Wageni wakaja kweli. Walikuwa wanawake watatu, weupe wa ngozi kuliko wenyeji, kutoka nchi ya mbali. Wakaomba kigoda, na yule mke, kwa hofu au kwa heshima ya ugeni, akakitoa. Mtawala aliporudi kutoka mwituni alikuta wageni wamekwisha kukalia kiti chake, na nchi imewatambua.

Kwa wageni hao ndipo ilipotoka nasaba ya Watwa. (Wasichanganywe na Watwa wafupi wa misitu ya Kongo, ni jina tu lililofanana.)

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulizoea kusikia kwamba wafalme waingiapo mji huuharibu. Kwa hiyo mara ya kwanza tulipokisikia kisa hiki tulingoja damu. Damu haikuja. Mtawala wa Milansi na wale wageni walipatana. Watwa wakachukua amri: kuhukumu, kutoza, kupigana vita. Milansi ikabaki na eneo lake dogo, na mtawala wake akabaki na jambo ambalo Watwa hawakuweza kulichukua, nalo ni dua za mlima Itwelele na usalama wa ardhi. Watawala wakawa wawili: mmoja mwenye nguvu, na mmoja mwenye nchi. Mtaalamu wa Kiingereza, Roy Willis, aliyekaa na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu ya dola yao mwaka 1981, alikiona kisa hiki kuwa ufunguo wa fikira zote za Wafipa juu ya utawala. Sisi tunaafikiana naye.

Hili si jambo geni kwa msomaji wa Unguja, ingawa huenda hajalifikiria hivyo. Kule Dunga alikuwako Mwinyi Mkuu, mwenye ngoma na siwa, aliyetawala wenyeji kabla Sayyid Said hajahamishia makao yake Unguja. Waomani walichukua bandari, ushuru na mashamba, lakini hawakuthubutu kumwondoa Mwinyi Mkuu. Inasimuliwa kwamba mara moja alipoonewa, mvua ilikataa kunyesha mpaka alipoachiwa. Muhammad bin Ahmed aliyejenga jumba la Dunga alifariki mwaka 1865, na mwaka 1873, kwa kufa kwa mwanawe, nasaba hiyo ikakoma. Mbali zaidi, huko Kandahar mwaka 1747, Wapashtuni walipomchagua Ahmad Shah awe mfalme wao, husimuliwa kwamba fakiri alimchomekea suke la nafaka kilembani, ndipo ufalme ukatimia. Hata mwenye majeshi alihitaji baraka ya asiye na upanga.

Turudi Ufipa. Watwa hawakubaki wamoja. Nasaba iligawanyika, ikazaa milki mbili, Nkansi na Lyangalile, ambazo zilipigana kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliingia uwandani kutoka kusini. Zwangendaba mwenyewe alifia Ufipa, na baada ya mauti yake wanawe na majemadari wakatawanyika, wengine kuelekea nchi ziitwazo leo Malawi na Zambia, wengine Songea, na Watuta wakapanda kaskazini. Baada ya dhoruba hiyo uwanda ulitulia. Mwaka 1880 ulipita msafara wa Joseph Thomson, ukiongozwa na Chuma, yule yule aliyeusindikiza mwili wa Livingstone mpaka pwani, pamoja na wapagazi walioandikwa Unguja. Waliyemkuta Nkansi ni Mwene Kapufi, na raia wake walikuwa wakulima watulivu. Watu hao walilima kwa matuta ya duara, wakizika majani yaoze ndani yake. Walisuka nguo za pamba. Na waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Thomson aliliona Ziwa Rukwa akalipa jina la Kizungu. Jina hilo halikudumu, nasi hatukulisikitikia.

Wajerumani walipokuja, na baada yao Waingereza, walitafuta mtu wa kuwakusanyia kodi. Huyo walimpata kwa Watwa, na chini ya utaratibu wa mwaka 1926 machifu wakawa mkono wa serikali ya kigeni. Ndiyo sababu Tanganyika huru ilipofuta madaraka ya machifu mwaka 1963, ilifanya jambo la haki. Juu ya hilo hatuyumbi.

Ila tunakiri kosa letu. Tulipofika Sumbawanga mara ya kwanza kwa kazi ya Chama, tulihutubia mkutano katika kijiji kimoja cha jirani. Tukasema kwa sauti kubwa kwamba watawala wote wa jadi walikuwa matawi ya mti mmoja wa ukabaila. Wananchi walipiga makofi ya adabu. Mkutano ulipokwisha, mzee mmoja alitusogelea, akatupa mkono, akasema taratibu: "Mwanangu, umetuhukumu kwa makosa ya wageni." Hatukumwelewa. Ilitubidi kuuliza usiku ule ndipo tukajua kwamba alikuwa anazungumza habari za Milansi, na za kigoda kilichotolewa zamani sana.

Jina la Nkansi limebaki katika Wilaya ya Nkasi, yenye makao yake Namanyere. Jina la Milansi, katika umbo la Milanzi, limekuwa kata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga. Hapo ndipo penye hoja yetu kwa maafisa. Mji unapanuka, na kijiji kilichodumu kupita milki ya Watwa, Wangoni, Wajerumani na Waingereza sasa kimo katika ramani ya mipango miji. Afisa ardhi atakayepima viwanja huko anaweza kuuona Itwelele kama kilima kingine chochote cha mawe na nyasi, na kwa macho ya mpimaji hatakuwa amekosea.

Tunawaomba Wakurugenzi wa Manispaa na watu wa Mambo ya Kale wapande pamoja na wazee kabla ya vigingi, wapate kuonyeshwa mahali pa dua na mipaka yake, na waiandike katika mpango wa mji. Magofu ya Dunga yamehifadhiwa hata baada ya wenyewe kwisha. Milansi wenyewe wapo, na kuwauliza ni mwendo mfupi tu kutoka mjini.