Lewa: ngoma ya bara katika mchanga wa Manga

Lewa ni ngoma ya nchi za Ghuba. Huchezwa Omani, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahareni, Katar, Kuwait na pwani ya mashariki ya Saudi Arabia. Wapigaji huwa katikati, wachezaji huwazunguka taratibu kwa duara, na anayeongoza wote ni mpiga zumari, ambaye mara nyingi hutembea huku akipuliza. Nyimbo huimbwa kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiswahili. Vyombo vyake vina majina ambayo mtu wa Tabora, Tanga au Unguja hahitaji kufasiriwa: kuna musundu, yaani msondo, na kuna chabwa, yaani chapuo, iliyobadilika kwa sababu “p” si sauti ya asili ya Kiarabu. Walioianzisha walikuwa Waafrika wa Mashariki na wazao wao, watu waliojikuta ugenini katika nchi ya mchanga, mitende na jua kali.

Wengi wao hawakwenda kwa hiari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 tende na lulu za Ghuba zilipata soko kubwa duniani. Tende za Omani ziliuzwa hadi New York, na lulu za Bahareni zilikwenda Bombay na kutoka huko hadi Ulaya. Mashamba ya mitende ya pwani ya Batina na majahazi ya wazamiaji yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilitafutwa Afrika Mashariki. Mkataba ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mwezi Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao, lakini majahazi ya magendo yaliendelea kupita kwa miaka mingi baadaye.

Njia mojawapo ya watu hao ilipita Unyamwezini. Kutoka Bagamoyo misafara ilipanda Usagara, ikapita Ugogo, ikavuka nyika kame ya Mgunda Mkali kwa kubeba maji na chakula, ndipo ikaingia Tura, mlango wa Unyamwezi. Baada ya Tura ilikuwa Rubuga, Kigwa, kisha Unyanyembe, ambako Waarabu walikuwa na makazi yao ya Kaze, Tabora ya leo. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata takribani mkondo huohuo. Abiria wa treni anayepita leo Tura, Goweko na Igalula yumo katika nchi ya miombo ambayo misafara ile iliifurahia kama neema: kivuli, visima, asali na nafaka, baada ya siku nyingi za vichaka vya Mgunda Mkali.

Inafaa kutofautisha hapa, kwa kuwa mara nyingi mambo huchanganywa. Wanyamwezi waliopita Goweko wakielekea pwani wengi walikuwa wapagazi huru. Kubeba mzigo hadi pwani na kurudi kulihesabiwa kuwa ukomavu wa kijana. Hata Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe, alikuwa njiani na mzigo begani, kwa maelezo ya Burton, alipopata habari kwamba baba yake amefariki, akautua akarudi kutawala. Waliofungwa minyororo wengi walitoka mbali zaidi, Manyema na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na idadi kubwa kuliko hiyo ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikapitia Kilwa. Kwa hiyo lewa haiwezi kudaiwa kuwa ngoma ya Wanyamwezi, wala ya kabila lingine moja. Imetokana na watu wa makabila mengi waliokutana njiani, wakaunganishwa na Kiswahili, lugha ambayo wengi wao walijifunza katika safari ileile iliyowatenga na kwao.

Hata kabla ya bahari, njia ilikuwa na muziki wake. Msafara ulitanguliwa na kirangozi, kiongozi aliyevaa nguo nyekundu na mapambo kichwani, nyuma yake ngoma na baragumu la pembe ya tandala. Wapagazi waliimba kwa kupokezana: mmoja akianzisha, mamia wakimjibu, na hatua zikifuata wimbo. Mtindo huo wa kuanzisha na kuitikia ndio uti wa mgongo wa lewa pia. Si lazima mmoja uwe umeuzaa mwingine, maana umeenea Afrika nzima, lakini mtu aliyetembea miezi mitatu au minne akiusikia alifika pwani ukiwa tayari ndani ya mwili wake.

Jangwani maisha yalipangwa na maji na majira. Mitende ilinyweshwa kwa falaji, mifereji inayochimbwa chini ya ardhi kutoka milimani, na kila shamba lilikuwa na zamu yake ya maji. Tende zilivunwa katika joto la kiangazi. Majira hayohayo ndiyo yaliyokuwa ya kuzamia lulu: wazamiaji walishuka na jiwe mguuni na kamba kiunoni, wakarudi juu, wakashuka tena, mchana kutwa, kwa miezi. Waafrika walikuwa wengi miongoni mwao. Katika kazi hizo ngoma ilikuwa na saa yake, usiku au siku ya mapumziko, na mahali pake, uwanja wa mchanga nje ya mji. Kwa mtu ambaye siku yake nzima ilikuwa mali ya mwingine, saa ile haikuwa ndogo.

Ubunifu wa lewa unaonekana vizuri zaidi katika vyombo vyake. Msondo ni ngoma ndefu inayosimamishwa chini, na mpigaji huipiga kwa mikono akiwa amesimama. Ndiyo sauti nzito inayobeba nyingine zote. Pembeni yake huwekwa debe la bati linalopigwa kwa vijiti, nalo huitwa pato. Mswahili atakumbuka mara moja upatu, sinia la shaba linalogongwa katika ngoma za pwani. Pasipo na shaba debe lilifaa, jina likabaki. Zumari nalo lina safari ya ajabu: ni chombo cha Uajemi na Uarabuni kilichofika pwani ya Afrika zamani kwa majahazi, kikawa cha Waswahili, kisha Waafrika wakakikuta tena Ghuba na kukipa kazi ambayo hakikuwa nayo huko, kuongoza ngoma za bara.

Yapo maandishi yanayoiita lewa mabaki ya Afrika, kana kwamba ni kitu kilichookolewa kwenye ajali ya jahazi. Neno hilo linaipunja. Hakuna kijiji cha Tanzania, Malawi au Kongo kinachocheza lewa kama inavyochezwa Suri ya Omani au Muharraq ya Bahareni, kwa sababu ilitungwa kulekule. Waliosikia kila siku kisomo, kasida na nyimbo za naham, mwimbaji wa majahazi ya lulu, walizichukua sauti hizo wakaziweka juu ya mapigo yao. Nyimbo nyingi zikabeba jina la Mungu na la Mtume pamoja na maneno ya Kiswahili.

Si ngoma zote za Waafrika wa Ghuba zilizotoka upande huu. Tanbura, yenye kinubi cha nyuzi sita na mkanda wa kwato za mbuzi unaotikiswa kiunoni, asili yake ni Unubi na Sudani. Lewa, kwa upande wake, ilivuka mbali zaidi: iko Makrani, kusini mwa Irani na Pakistani, na huko Karachi Washidi, wazao wa Waafrika, hupiga ngoma kubwa iitwayo mugarman, jina linalomkumbusha Mswahili kunguruma.

Safari ya upande wa pili ilikuwa ya heshima na faida zaidi. Wamanga, kama Waswahili walivyowaita Waarabu wa Omani, walihamia Unyanyembe, wengi wakiwa wa ukoo wa Harthi kutoka Sharkia, penye jangwa kubwa la mchanga. Mwenyeji wa Burton huko Kaze, Snay bin Amir, alianza maisha kama mtengeneza halua Maskati akaishia kuwa tajiri wa pembe na watumwa, mtu msomaji ambaye alimsaidia mgeni wake hata katika kujifunza Kinyamwezi. Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Watu hao wa jangwani hawakuleta nyumba za kwao nzima nzima. Walichukua tembe la bara, lenye kuta za udongo na paa bapa, wakaliongezea baraza, ua na mlango wa kuchonga. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872, limejengwa upya kwa mtindo huo na sasa ni makumbusho. Miembe yao bado inatia kivuli mitaa ya Tabora.

Wapo pia waliokwenda nchi za Kiarabu kwa ajili ya sanaa yenyewe. Sultani Barghash alimpeleka Kairo Mohamed Ibrahim kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi, na kutokana na safari hiyo taarabu ilianza kupigwa kasrini Unguja. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Tofauti na lewa, historia hii imeandikwa mara nyingi, kwa sababu aliyetuma alikuwa mfalme.

Soko la lulu liliporomoka kufikia miaka ya 1930, baada ya Wajapani kufaulu kufuga lulu na uchumi wa dunia kudorora, na tende zikapata mshindani California. Utumwa ulifutwa kisheria Bahareni 1937, Katar 1952, Saudi Arabia 1962 na Omani 1970. Lewa haikufa pamoja na kazi zilizowaleta watunzi wake. Imeingia harusini na katika sikukuu za taifa, vikundi vya kulipwa huicheza jukwaani, na Omani, ambayo mwaka 1983 ilianzisha kituo cha kuhifadhi muziki wa jadi, inaihesabu kuwa sehemu ya urithi wake.

Waimbaji wengi wa leo hawazungumzi Kiswahili. Maneno wameyapokea kwa wazee jinsi yalivyotamkwa, mengine yakiwa yamechakaa hata kupoteza maana. Wanaoweza kuyatambua wako jirani nao. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Omani zilihamia huko kutoka Unguja, Pemba na miji ya bara, Tabora ikiwemo. Maskati leo kuna mitaa ambayo ndani ya nyumba zake Kiswahili bado ndicho lugha ya jikoni.