Waliofika Mapema Beni na Butembo

Tangu Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na 2,287 kati yao wakafa. Katika zoni za afya za Beni, Mabalako, Katwa, Butembo na Vuhovi, swali moja halikutoka midomoni mwa watu: mbona mgonjwa anaingia CTE, kituo cha matibabu ya Ebola, akitembea kwa miguu yake, kisha familia inaitwa kuzika? Ni swali la haki, na wengi waliouliza walijibiwa kwa karipio badala ya maelezo. Hoja yangu ni kwamba vifo vingi vya kituoni vilitokana zaidi na siku aliyofikishwa mgonjwa kuliko mahali alipofikishwa. Anayetaka kuhakikisha hilo aanze kwa kuangalia jinsi mwili unavyojilinda.

Ulinzi wa mwili una ngazi mbili. Ya kwanza ni ya chembe nyeupe za damu ambazo humvamia mgeni yeyote bila kumjua ni nani, zikatoa kemikali za kuziamsha seli nyingine. Ya pili hujifunza: hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui mmoja tu na kumganda, lakini kazi hiyo huchukua siku nyingi. Ukatili wa Ebola ni kwamba hushambulia kwanza chembe zile zile za ngazi ya kwanza na kuzima ishara zake za hatari, hivyo virusi huzaana kwa kasi huku ngazi ya pili ikiwa bado inajiandaa. Wengi hufa kabla kingamwili zao hazijatosha. Na siku hizo za mwanzo ndizo zilizopotea. Homa, maumivu ya kichwa na kutapika hufanana na malaria au tifoidi, basi watu walikwenda dukani kununua dawa, au kwenye vituo vya tiba ya kienyeji na ya kisasa pamoja, wakapewa antibiotiki. Antibiotiki nyingi hupambana na bakteria kwa kubomoa ukuta wake au kusimamisha mitambo yake ya kutengeneza protini. Kirusi hakina ukuta huo wala mitambo hiyo. Hutumia ile ya seli zetu. CTE nazo zilitoa antibiotiki na dawa za malaria, kwa kuwa mgonjwa wa Ebola anaweza kuwa na maambukizi mengine pia, lakini hazikuzitegemea kuua Ebola.

Kilichohitajika ni kumpa mgonjwa kingamwili zilizo tayari. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Idadi ilikuwa ndogo mno kuthibitisha jambo, ila wazo halikufa: kutokana na damu ya mtu mmoja aliyenusurika Kikwit, watafiti walipata kingamwili iliyoitwa mAb114. Novemba 2018 dawa nne zilianza kulinganishwa katika CTE za Kivu Kaskazini, kwa wagonjwa 681. Waliopewa ZMapp au remdesivir, karibu nusu walikufa. Kwa mAb114 walikufa asilimia 35, na kwa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, asilimia 33.5. Lakini wastani huo unaficha jambo kubwa zaidi. Kwa dawa hizo mbili bora, wagonjwa walioingia wakiwa na virusi vichache damuni walikufa takriban mmoja katika kumi. Walioingia na virusi vingi walikufa karibu theluthi mbili. Na kila siku moja ya dalili kabla ya kufika iliongeza hatari ya kufa. Mtu anaweza kusema kuwa waliochelewa labda walikuwa na ugonjwa mkali tangu mwanzo. Kwa baadhi, yawezekana. Hata hivyo kingamwili huzuia kirusi kisiingie kwenye seli. Haiwezi kuponya ini na figo zilizokwisha kuharibika.

Wengine wanasema watu wa Beni na Butembo walifanywa vyombo vya majaribio. Kugawa dawa kwa kura kunaumiza moyo, nakubali. Lakini hakuna aliyejua mapema ipi ni bora, na ilipodhihirika Agosti 2019, jaribio lilisimamishwa na wagonjwa wakapewa zile mbili zilizoshinda. Pingamizi zito kuliko hilo ni la kutoaminiana. Watu hawa walikuwa wakichinjwa vijijini tangu 2014 bila kulindwa vya kutosha, kisha Desemba 2018 wakanyimwa kupiga kura kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, huku magari ya riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, yakipita kila siku. Hasira hiyo ilikuwa na mizizi. Februari 2019 CTE za Katwa na Butembo zilishambuliwa na kuchomwa, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, daktari wa Shirika la Afya Duniani, akauawa Butembo. Kila shambulio lilizidisha siku ambazo wagonjwa walibaki nyumbani. Ndiyo maana nashikilia kuwa imani ya wananchi ni sehemu ya tiba, na kuijenga kulistahili bajeti na muda kama dawa zenyewe.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021: watu 12 waliugua, 6 wakafa. Virusi vinaweza kujificha kwa miezi mingi machoni au kwenye mbegu za kiume za aliyepona, kwa hiyo aliyepona anahitaji kufuatiliwa kwa heshima, si kunyanyapaliwa. Nawe msomaji, homa ikikupata wakati Ebola imetangazwa, usimalize wiki ukibadilisha vidonge vya dukani. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.