Kisangani: Masomo mafupi ya sheria La Haye yanawafundisha nini wana wa Tshopo?

Kila mwaka, mwezi wa saba na wa nane, wanafunzi wa sheria kutoka pande nyingi za dunia hukutana La Haye, Uholanzi, katika Akademia ya Sheria ya Kimataifa. Masomo ni mafupi: majuma matatu juu ya sheria kati ya mataifa, mengine matatu juu ya kesi za watu binafsi zinazovuka mipaka. Hufundishwa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Akademia hiyo, iliyoanzishwa 1923, ni jirani wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki (CIJ), iliyohukumu kesi inayowagusa wakaaji wa Kisangani.

Tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, iitwayo Mapping, inasema raia kati ya 244 na 760 waliuawa, zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa.

Majeshi yalikuwa mawili, lakini nchi iliyoamriwa kulipa ni moja. Kwa nini?

Hapo ndipo somo la kwanza: CIJ haihukumu nchi ambayo haikukubali mamlaka yake. Uganda iliyakubali tangu 1963, Rwanda haikuyakubali. Kwa hiyo mwaka 2005 CIJ iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria, lakini mwaka 2006 ikasema haina uwezo wa kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda.

Somo la pili ni ushahidi. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, CIJ iliamuru Uganda ilipe milioni 325: 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Kwa sehemu kubwa ya madai, majaji waliona vithibitisho havikutosha. Cheti cha kifo, karatasi ya hospitali, hati ya nyumba: hivyo ndivyo vinavyopewa uzito mahakamani.

La tatu ni kulinganisha sheria. Kongo ilirithi sheria za Ubelgiji, Uganda za Uingereza. Avoka anayejua mfumo mmoja tu hupata shida kujibu hoja za upande wa pili.

Tena hukumu ya CIJ huilipa serikali, si mhanga. Kumfikishia mjane wa Makiso haki yake ni kazi ya FRIVAO, mfuko wa serikali wenye makao Kisangani. Wahanga watahitaji wanasheria wa kuwaandalia mafaili yao vizuri.

Na kesi hazijaisha. Mwezi wa sita 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, huko Arusha, ilisema ina uwezo wa kusikiliza mashtaka ya Kongo dhidi ya Rwanda juu ya mapigano ya mashariki. Kwa mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Kisangani, kutafuta nafasi La Haye si matembezi ya likizo. Maombi hufungwa miezi kadhaa kabla, basi ni vema kuanza mapema.